Zamu ya Betri Mpya

Niliwahi kuwa bingwa wa mtaa mzima, na sioni kwa nini niliseme hilo kwa kunong'ona. Watu wa umri wangu wakisimulia ya utotoni huona haya, hucheka kidogo, husema ah, tulikuwa watoto tu. Mimi haya hiyo sina. Nilishinda mbele ya watu, mwezi wa Ramadhani, jua likiwa bado halijazama, na niliyemshinda alikuwa ameshaanza kunyoa ndevu. Mpaka leo nikikumbuka natembea na kichwa juu.

Silaha yenyewe ilikuwa gemu la mkononi. Ami yangu mdogo alikuwa akifanya kazi Maskati, na kila akipata mtu anayesafiri alitupakilia sanduku. Mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, sanduku lilikuja na vitambaa vya mabuibui, udi, maziwa ya unga na saa ya ukutani inayoadhini. Chini kabisa, kimeviringishwa ndani ya fulana, kulikuwa na kidude cha kijivu, kizito kama kipande cha sabuni ya mche. Kilikuwa na kioo kidogo juu, vitufe chini, na ndani yake mchezo mmoja tu: matofali yanaanguka, unayageuza, unayapanga, mstari ukijaa unafutika, na yakirundikana mpaka juu umekufa. Ami alituma salamu kwamba ni la watoto. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilikuwa na watoto wanne: vijana watatu wa ami yangu mkubwa, waliokaa chini, na mimi, niliyekaa juu na baba na mama. Wale watatu waliposikia "watoto" walijisikia wao tu.

Nisilisingizie lile gemu, lilikuwa na raha zake. Televisheni ya nyumba ilikuwa moja na mwenyewe alikuwa baba, lakini gemu halikumwomba mtu ruhusa. Umeme ukikatika, nao ulikuwa ukikatika utakavyo wenyewe, nyumba nzima inalalamika na wewe unaendelea. Unaweza kucheza umelala chali, umekaa kwenye ngazi, au umejifungia chooni mpaka watu wagonge mlango. Halikuwa na deko. Lilishawahi kuporomoka ngazi zote za nyumba, na ngazi zetu zilikuwa wima kweli, likafika chini bado linacheza. Na mchezo wenyewe ulikuwa na uchawi wake, maana kila aliyekufa alisema "mara moja tu tena", na mara moja hiyo haikuisha.

Kero zake nazo zilikuwa zake. Kioo hakikuwa na taa. Sijui aliyelitengeneza aliishi wapi, lakini hakuishi Mji Mkongwe, ambako vyumba vya chini ni kiza hata adhuhuri na vichochoro huliona jua kwa kupita tu. Ukiwa ndani huoni kitu. Ukitoka juani kioo kinameremeta, unaona pua yako mwenyewe. Rangi yake ilikuwa ya mchuzi wa pojo, na matofali yalikuwa meusi kidogo tu kuliko huo mchuzi. Siku tuliyokwenda kutembea Bwejuu mchanga uliingia kwenye kitufe cha kushoto, na tangu hapo kikawa kinakwaruza kila ukikibonyeza. Tena Bibi, mama yake baba, ambaye chumba chake kilipakana na msikiti, alishapiga marufuku sauti ya lile gemu tangu siku ya kwanza. Anayetaka kulisikia ilibidi atumie waya wa masikioni, na waya huo ulikuwa mali ya yule mkubwa wa wale watatu, ambaye hakuazimisha hata kitana chake.

Lakini kero ya kero zote ilikuwa betri. Lilikula betri nne kwa pamoja na halikushiba. Zikiwa mpya, kitaa kidogo chekundu pembeni mwa kioo kiliwaka kama jicho la mlevi. Zikichoka, kitaa kinafifia, na matofali nayo yanafifia, mpaka kioo kinabaki mchuzi mtupu. Na hapo ndipo mimi ninapoingia katika hadithi hii.

Bibi alikuwa ametoa sheria ya kumaliza ugomvi: anayecheza acheze mpaka afe, kisha ampe anayemfuata kwa umri. Sheria nzuri kabisa. Nilikuwa mkubwa kuliko yule mdogo wao, kwa hivyo kwa haki zamu yangu ilikuwa ya tatu. Lakini umri wa mtoto wa kike katika nyumba ile ulikuwa unahesabiwa kivyake. Betri mpya zikija, anaanza mkubwa, anafuata wa kati, anafuata mdogo, wanarudia tena, na kila nikisogea naambiwa unaitwa jikoni. Na kweli nilikuwa naitwa jikoni. Nikirudi, kitaa kimeshakuwa rangi ya maji ya zabibu. Ndipo yule mkubwa ananipa gemu kwa ukarimu mwingi.

"Haya, zamu yako. Usije ukasema hatukupi."

Sikuwa mtoto wa kulia. Nilikuwa mtoto wa kununa, na nikinuna nafanya jambo. Nililichukua gemu lile linalokata roho nikapanda nalo juu, pale tunapoanikia nguo. Nilizitoa betri nikazilaza juani juu ya saruji, kando ya ndimu za Bibi za kutia achari, nikazigeuza kama mtu anayeanika dagaa. Zikipata moto nilizirudisha, na gemu likafufuka kwa muda mfupi, kama mgonjwa anayekaa kitako kuwaaga jamaa zake. Muda huo mfupi ulikuwa wangu.

Kwa hiyo mimi nilijifunza mchezo ule kwenye kioo cha mchuzi mtupu. Sauti niliizima kabisa isinilie nguvu za betri. Niliinamisha gemu, nikaliinua, nikatafuta ile pembe moja ambayo kivuli cha tofali kinajitokeza kidogo, na nisipokiona nilibahatisha, nikafa, nikaanza tena. Baadaye sikuhitaji kubahatisha. Niliweza kukumbuka rundo lilivyokaa chini, wapi pana shimo, wapi pamenyanyuka, vile vile tulivyozijua ngazi zetu wakati umeme umekatika. Tofali likitoka juu nililiona mara moja tu, kisha kidole gumba kikafanya yaliyobaki. Siku nyingine nilikuwa nafumba macho kwa makusudi. Hakuna aliyejua. Wale watatu waliamini nakaa juu nalibembeleza gemu lililokufa, na waliponitania kwamba nimefungua hospitali ya betri nilinyamaza.

Nilichokitaka kilikuwa kitu kimoja, na nilikitaka mpaka kikawa kinaniuma. Nilitaka zamu moja ya betri mpya. Nishike gemu lile kitaa kikiwaka, kioo kikionyesha, waya masikioni, nicheze mpaka nichoke mwenyewe. Sikutaka linunuliwe jengine, wala sikutaka wale wapigwe marufuku. Zamu moja tu, nzima.

Ramadhani ikaingia. Mji wetu mwezi huo una tabia yake: baada ya alasiri wanaume na vijana hutoka vibarazani kupitisha saumu. Huku wanapiga dhumna, kule keram, pengine karata, na wanaotazama ni wengi kuliko wanaocheza. Mchezo kwetu bila watazamaji si mchezo. Anayefungwa lazima achekwe, anyanyuke ampishe mwenzake, na kila mtu awe na la kusema. Sasa hebu liweke gemu la mkononi kwenye baraza la namna hiyo. Kioo chake kinatosha macho mawili, na watu wamejaa mpaka njia ya wapita. Kero hiyo nadhani iliwaudhi watu kuliko hata betri. Walisema ni mchezo wa choyo.

Yule wa kati katika wale watatu ndiye aliyepata dawa. Alikuwa na sauti ya mnadi wa samaki, na alianza kusimama nyuma ya mchezaji, akichungulia juu ya bega, na kuwatangazia watu. "Limekuja la kona... analipeleka kushoto... ah, amelikosa! Amefungua shimo, jamaa zangu, ameshafungua shimo!" Watu wakawa wanapiga kelele kwa mchezo wasiouona. Wazee walioacha dhumna zao walisikiliza huku wamefumba macho. Baraza letu likawa maarufu, na sifa zikatoka mtaani kwetu zikaenda mitaa mingine.

Ndipo akaja yeye. Alikuwa kijana wa mtaa wa Malindi, hapo hapo mjini kwetu, mrefu, kanzu imepigwa pasi, na baba yake alikuwa na duka la redio na saa. Alikuwa na gemu lake mwenyewe kama letu na alishawafunga vijana wa mitaa mingi. Alikuja siku moja baada ya sala ya alasiri na marafiki zake nyuma. Bibi alikuwa amekaa ndani ya daka, ile nafasi ya kizani baina ya mlango mkubwa na nyumba yenyewe, ambapo wanawake wetu hupunga upepo bila ya kuonekana na njia. Kijana akainama kidogo mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Umefunga?"

"Nimefunga, Bibi."

"Allah akutakabalie. Haya, kaa, baraza ni la watu."

Alikaa, akatoa mfukoni pakiti ya betri. Zilikuwa mpya, bado zimefungwa kwa karatasi yake ya plastiki, zinang'ara. Mimi nilikuwa uani nakuna nazi, lakini mlango wa uani ulikuwa wazi na nilikuwa na macho. Niliziona betri zile kabla sijamwona mtu.

Akawaambia wale watatu, "Mie ntacheza mara moja tu. Nyie nyumba nzima jipangeni, kila mtu apige yake. Akitokea mmoja akanipita, hizi zenu. Asipotokea, mkubwa wenu atakuja baraza la kwetu aseme mbele ya watu nani bingwa."

Wakakubali. Gemu likawa letu, betri zikawa zilizomo ndani, zimebakiwa na nusu ya uhai. Na kwa kuwa yeye ni mgeni, akapewa aanze, maana mgeni hupewa kilicho kizuri. Kwa hiyo alipata jua lililobaki na betri zilizobaki. Sikumlaumu, hakuomba. Na alicheza, wallahi alicheza. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na yule wa kati alitangaza mpaka sauti ikamkauka kwa saumu. Mistari ilifutika, baraza likaguna, na mwisho alipokufa watu wakapiga makofi. Pointi zake zilisomwa na mzee mmoja wa dhumna, kwa sababu gemu likizimwa husahau kila kitu, na bila ya shahidi ushindi wako unakuwa maneno tu.

Akafuata mkubwa wetu, na waya wake masikioni kwa maringo. Alianza vizuri, akafika mahali akataka kufuta mistari minne kwa mkupuo, akangoja lile tofali refu kama mtu anayengoja meli, halikuja, akafa. Watu wakamcheka wakamwambia apishe. Akafuata wa kati, na kwa kuwa yeye ndiye mtangazaji alijitangaza mwenyewe huku anacheza, jambo lililomwua upesi. Akafuata mdogo. Kufika hapo jua lilikuwa limeshapanda kwenye kuta za juu, kichochoro kimeingia kivuli, na kitaa chekundu kilikuwa kimenywea. Mdogo alilalamika kwamba haoni, na safari hii alikuwa anasema kweli. Alikufa karibu na pale alipoanzia.

Kijana wa Malindi akasimama akapangusa kanzu. "Basi jamaa, kazi imekwisha."

Ndipo sauti ya Bibi ikatoka dakani. "Baba, si umesema nyumba nzima?"

"Naam, Bibi."

"Basi nyumba haijesha. Yuko mwengine." Akageuza uso uani. "We mwanangu!"

"Abee, Bibi!"

"Acha hiyo nazi, njoo."

Nilikwenda na mikono yangu ina harufu ya nazi, nikijifuta kwenye kanga. Mkubwa wetu alishika kichwa. "Bibi, utatuaibisha. Huyu hajui kucheza."

"Umejuaje? Lini umempa akacheza?"

Sijawahi kusikia swali zuri kama lile, na nimesoma skuli mpaka nimechoka.

Bibi hakutaka nikae barazani mbele ya wanaume. Nilikuwa nakaribia umri ule ambao watu huanza kukuangalia unakaa vipi. Akanisogezea kigoda hapo hapo dakani, nyuma ya ubao wa mlango, kwenye kiza. Mkubwa wetu akanong'ona kwamba hata paka hataona kitu pale. Yule wa Malindi, na hili nitalisema maana ni haki yake, akaona kwamba mambo hayakuwa sawa. Aliinua ile pakiti.

"Betri hizo zishakwisha, Bibi. Nifungue hizi, mtoto acheze vizuri."

Watu wote wakakubaliana naye, ndio bwana, fungua. Mkubwa wetu naye aliupeleka mkono. Nikaiona zamu yangu inafunguliwa pale kwa haraka, kizani, kwa ajili ya mchezo mmoja, kisha zichukuliwe chini na wenyewe wa siku zote. Damu ikanipanda.

"Usifungue," nikasema. "Hizo ntazifungua mie mwenyewe, nikishashinda."

Baraza lilicheka mpaka wapita njia wakasimama. Hata Bibi alijiziba mdomo kwa mtandio. Mimi nilikuwa nimeshakizungusha kidude cha kukoleza kioo mpaka mwisho, nimeshaizima sauti, nimeshaliinamisha gemu kwenye ile pembe yangu ninayoijua. Kisha nikaanza.

Yule wa kati alikuja akasimama nyuma yangu kutangaza. Akachungulia bega hili, akachungulia bega lile.

"Enhe?" watu wakauliza nje. "Anafanya nini?"

"Mie sioni kitu."

"Amekufa?"

"Sijui! Anabonyeza!"

Nilikuwa nabonyeza. Vivuli vilikuja kimoja kimoja na nilivijua kila kimoja kabla hakijakamilika. Hili la kona, lile la mraba, lile lililopinda kama kiwiko. Mkono ulivyozoea, kitufe cha kushoto kilipokwaruza sikukisubiri, nilishakwenda. Sikuwa na tamaa ya mistari minne kwa mkupuo. Nilijenga kidogo nikafuta, nikajenga nikafuta, kama mtu anayefagia uwanja wake. Jikoni mama alikuwa anakaanga sambusa na harufu ilikuwa inapita juu yetu, na nje watu walikuwa wanamtukana mtangazaji kwa upole wa mwenye saumu, wanamwambia hata redio mbovu hukoroma. Alichoweza kuwapa ni kitu kimoja tu. "Bado anabonyeza!" Baada ya muda akaacha kulisema kwa mzaha. Baada ya muda tena akalisema pole pole. Na nje, wakati fulani ambao sikuuona, kicheko kikaisha.

Mwendo ulikuwa umeshakuwa wa kasi, na hapo ndipo mwenye macho anapokufa, kwa sababu anasubiri kuona. Mimi sikuwa na cha kusubiri. Kitu kimoja tu kilinitia hofu. Kitaa chekundu, nilipokitupia jicho, kilikuwa kimekwisha kabisa. Gemu likizimika lenyewe, pointi zangu zinakwenda nalo, na huko nje hakuna hata mmoja aliyeona chochote. Nitabaki na maneno. Nikajiuliza kama nimeshampita. Zile tarakimu pembeni mwa kioo zilikuwa ndogo kuliko vivuli vyote, sikuweza kuzisoma hata mimi.

Nikalisimamisha. Nikasimama kutoka kwenye kigoda, nikakivuka kizingiti, nikatoka nje ya mlango nikapanda juu ya baraza, mbele ya wanaume wote wale, na nikaliinua gemu juu kwa mikono miwili pale palipobaki mwanga. Bibi angeniambia rudi ndani ningerudi, lakini hakuniambia.

"Soma," nikamwambia yule wa Malindi.

Angeweza kusema haoni, na hakuna ambaye angebishana naye. Alijiinamisha, akaweka kiganja chake juu ya kioo kukikinga, akatazama kwa muda. Akamwita yule mzee wa dhumna atazame pia. Mzee akatazama, akamtazama yeye, akanitazama mimi, nywele zangu zina chicha za nazi.

"Kanipita," kijana akasema. Kisha akageukia watu, akapaza sauti kama bingwa mwenye adabu zake. "Jamaa, huyu kanipita! Tena mbali!"

Sijui kama kuna kelele tamu duniani kuliko za mtaa wenye njaa unaposhangilia. Walipiga makofi, walipiga mbao za dhumna, mtu mmoja alimwuliza mtangazaji wetu mbona hakusema, naye akaapa kwamba alisema, alisema anabonyeza. Gemu likazimika mkononi mwangu. Halikuwahi hata kumaliza kufifia na muadhini akakohoa kwenye kipaza sauti, na watu wakakimbilia tende zao. Nilisimama juu ya baraza peke yangu na pakiti ya betri aliyonikabidhi yule wa Malindi, na nilikuwa na furaha ambayo hata kiu sikuisikia.

Tulipokaa kufuturu mkubwa wetu alijaribu. Alisema betri ni za nyumba, kwa hiyo zifuate zamu ya nyumba. Bibi alikuwa anakunywa uji. Aliweka bakuli chini.

"Za aliyezishinda. Siku ya sikukuu atazitia mwenyewe, na gemu ni lake mpaka zimalizike. Afe mara ngapi, asife, shauri yake." Akachukua bakuli lake. "Na leo msichana huyu hapakui, wala hakoshi vyombo. Mko watatu."

Wakakosha. Niliwasikia wakigombana uani nani akoshe sufuria, nikaongeza kipande cha mkate wa kumimina.

Siku zilizobaki za mfungo nililala na pakiti ile chini ya mto. Nilisikia watu njiani wakisimulia, na simulizi ilikuwa inakua vizuri bila ya msaada wangu. Wapo waliosema nilicheza huku nimefungwa kitambaa machoni. Sikuwasahihisha, kwani kusahihisha sifa si adabu.

Sikukuu ya kwanza asubuhi, baada ya sala na kupeana mikono ya Idi na watu wazima, nilipanda juu na gauni langu jipya. Wale watatu walikuwa wameshavaa kwenda Mnazi Mmoja kwenye bembea na askirimu, lakini hawakwenda. Walipanda nyuma yangu wakakaa ukutani. Nilimgeukia yule mkubwa, nikanyosha mkono. Akautoa waya wake wa masikioni mfukoni, akanipa.

Niliikata karatasi ya betri kwa meno. Nikazitia moja moja, nikafunga kifuniko, nikawasha.

Kitaa kikawaka chekundu hasa. Matofali yakatoka meusi, yana kingo, na kila namna ilikuwa na nakshi yake ndani. Miezi yote ile nilikuwa nayapanga na sikujua kama yana nakshi. Kisha kwenye masikio yangu ukaingia muziki. Nilijua wenzangu wanasikia kitu humo, niliwaona wakitikisa vichwa, lakini nilidhani ni milio tu, kama ya saa ya mkononi. Haukuwa mlio. Ulikuwa muziki hasa, una mwanzo, unapanda, unazunguka, unarudi ulikotoka, na nilihisi kifua kinanijaa. Vidole vyangu vikasimama.

Tofali la kwanza likaanguka katikati. La pili likalala juu yake.

"Geuza!" mkubwa akaruka kutoka ukutani. "We, geuza hilo! Unakufa!"

Sikugeuza. Yakarundikana hovyo, moja juu ya jengine, mbele ya macho yangu mazima na kioo kinachoonekana. Wa kati alikuwa anatangaza kwa mazoea, analia kabisa, anasema bingwa amesimama, jamaa zangu, bingwa hachezi. Mdogo alishika kichwa akaniambia napoteza zamu.

"Yangu," nikamwambia.

Nikafa. Muziki ukaisha, nikabonyeza ukaanza tena kutoka mwanzo, nami nikaegemea ukuta nikanyosha miguu yangu yenye viatu vipya, nikausikiliza wote.